Uzito wa Mahali Patupu

Mwaka ule wazazi wangu walipokata shauri la kwenda kuhiji, katikati ya miaka ya hamsini, mama aliuzunguka mji mzima akiomba radhi. Ndiyo desturi yetu, mtu hapandi meli ya Jeddah na kinyongo cha mwenziwe mgongoni. Alikwenda Jang'ombe kwa mwanamke waliyegombana naye kwa ajili ya kuku. Alikwenda Mwanakwerekwe kwa shemeji yake aliyehamia huko kulima. Hata muuza maziwa, ambaye mama alimfokea siku moja kwa kutia maji, alimsimamisha mlangoni akamwambia, "Nsamehe, nnasafiri." Muuza maziwa akacheka, akasamehe, na maziwa yakaendelea kuwa na maji vilevile.

Alibaki mtu mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote. Dada yake wa tumbo moja, mama yangu mkubwa, aliishi nyumba iliyotazamana na yetu, katika kichochoro cha Mji Mkongwe ambacho mtu mzima akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Dirisha letu la ghorofani lilielekea dirisha lake. La kwake lilikuwa limefungwa mbao tangu mimi nikiwa msichana mdogo, tangu alipofiwa na binti yake wa pekee, aliyekuwa rika langu. Miaka yote hiyo yeye na mama hawakusemezana. Mimi nilipelekwa siku za Idi kumpa mkono, naye alinipa halua na kuniuliza habari za masomo, kisha nikarudi nyumbani ambako mama hakuuliza hata neno moja.

Kwa nini hawasemezani, hakuna aliyeniambia. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kwa hili alisema wazi. "Hija yako ni baina yako na Mola wako, mimi siingii. Ila ndugu yako yuko pale, na wewe unakwenda Makka! Mimi nitaona haya kusimama Arafa na wewe." Mama alijibu, "Nitakwenda." Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukaingia, ukafika ukingoni, meli yenyewe ilikuwa ya Mfunguo Pili, na mama bado alikuwa hajavuka kichochoro.

Katika siku hizo kaka yangu alirudi kutoka Ulaya.

Alikuwa amekwenda kusomea fizikia, na alirejea amekonda, na miwani, na tabia mpya ya kunyamaza katikati ya sentensi akatazama pembe ya dari. Alitakiwa kuanza kazi ya ualimu baada ya Idi Kubwa, na kabla ya hapo hakuwa na shughuli ila kula na kunisumbua mimi. Mimi nilikuwa namaliza shule ya wasichana, ambako tulifundishwa kushona, usafi wa mwili na hesabu kidogo, na nilikuwa na ulimi. Bado ninao. Nadhani kaka alinichagua mimi kwa sababu nilibisha.

"Chukua chupa," aliniambia alasiri moja tukiwa tumekaa uani. "Toa hewa yote. Toa vumbi, toa mvuke, toa hata mwanga. Ipoze mpaka joto lote liishe. Kimebaki nini?"

"Chupa."

"Ndani yake, wee!"

"Hakuna kitu."

"Basi hapo ndipo mimi nilipoanza kukosa usingizi," akasema, na hakuwa anatania.

Akanieleza habari za kitu ambacho wanafizikia wanakiita uga. Nuru, alisema, ni mtikisiko wa uga, na uga upo kila mahali. Huwezi kuufyonza ukatoka chupani kama unavyofyonza hewa, kwa sababu chupa yenyewe na mahali penyewe vimo ndani yake. Unachoweza kufanya ni kuutuliza. Lakini hautulii moja kwa moja. Alinyoosha kidole kwenye saa ya ukutani ya baba, iliyoonekana kupitia mlango wa ukumbi, na timazi lake likienda huku na huku. Timazi lile, alisema, ukilishika na kulisimamisha, limesimama. Unajua liko wapi na unajua haliendi. Vitu vidogo kabisa vya ulimwengu havina ruhusa hiyo. Ukipajua sawasawa mahali kimojawapo kilipo, hujui mwendo wake, na ukiujua mwendo wake, hujui kilipo. Kutulia kabisa mahali pamoja ni mambo mawili kwa wakati mmoja, mahali na mwendo, na maumbile hayaruhusu. Kwa hiyo uga nao, hata ukitolewa kila kinachoweza kutolewa, hubaki na mtetemo. Baridi haiuondoi. Hiyo ndiyo ngazi ya chini, hakuna tena pa kushuka.

"Kila mahali?" nikauliza.

"Kila mahali. Hapa baina ya pua yako na yangu. Baina ya nyota na nyota. Ndani ya atomu, ambayo karibu yote ni nafasi."

Mama alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa. "Sisi tukiingia nyumba isiyo na mtu tunatoa salamu," alisema. "Nyinyi mmekwenda mpaka Ulaya kuambiwa hayo?"

"Hayo siyo haya, mama," kaka akasema, akacheka.

"Sijasema ndiyo haya. Nimesema sisi tunatoa salamu."

Mimi sikuwa mtu wa kukubali kitu kwa sababu kimesemwa na mwenye miwani. Nilimtaka ushahidi. Akanipa. Baada ya vita, alisema, watu walichukua ufundi uliotengenezwa kwa ajili ya kuzigundua ndege kwa mbali, wakautumia kuichunguza atomu ya haidrojeni, iliyo nyepesi kuliko zote, yenye elektroni moja tu. Hesabu za zamani zilisema hali mbili fulani za atomu hiyo zina nishati sawasawa. Wakapima, wakaona hazilingani. Tofauti ilikuwa ndogo mno, lakini ilikuwepo, na kila waliporudia ilikuwepo. Walipotia katika hesabu ule mtetemo wa mahali patupu, ukiisukumasukuma elektroni bila kupumzika, tofauti ile ikatoka kama ilivyopimwa.

Nilisisimka mwili mzima. Sisemi hivi kwa kupamba maneno, vinyweleo vilinisimama nikavisugua kwa kiganja. Nilikuwa nimeishi miaka yote ile nikidhani mahali pasipo na kitu ni mahali pa kupita tu, pa kupitisha mkono ukielekea kwenye kitu chenyewe. Sasa nikawa natazama nafasi iliyobaki baina ya kikombe na kisahani chake. Nilichungulia mtungi uliomalizwa maji. Mama aliponikuta nimeinamia mtungi aliniuliza kama nimepoteza kitu, nami sikujua nimjibu nini, maana hofu niliyokuwa nayo ilikuwa tamu, kama ile inayokujia katika sala siku moja moja, siku unapoyasikia maneno unayoyasema.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi baba alitupeleka Bububu kutembea pwani, kuagana na bahari ya kwetu, alivyosema, kabla hajaiona ya Jeddah. Tulikwenda kwa basi na kapu la mikate ya kumimina na samaki wa kukaanga. Maji yalikuwa yamejaa. Baba alilala chini ya kivuli akajifunika kofia usoni, mama akatandika mkeka, na kaka akaniita niingie baharini. Hapakuwa na watu, nikavua buibui nikakunja gauni, nikaingia mpaka magotini.

"Kimbia!" akasema.

Nilijaribu. Nani anayeweza kukimbia majini? Nilivuta mguu, maji yakaja na mguu. Nilitaka kusimama, maji niliyoyasukuma yakanisukuma mbele. Nikaanguka, na mama kule mkekani akapiga kelele kwamba gauni lile nimelivaa jana tu.

"Umeona?" kaka akasema, akinivuta mkono. "Hapa umekuwa mzito kuondoka na mzito kusimama. Nyama yako haikuongezeka. Unakwenda na maji yako. Mtu akikupima kwa namna unavyokwenda, bila kuyaona maji, atasema msichana huyu ana uzito mkubwa."

Elektroni nayo, alisema, haiendi peke yake. Inautikisa uga unaoizunguka, na uga unaivuta na kuisukuma, na popote inapokwenda inakwenda na mtikisiko huo. Tungamo tunalolipima, ule uzito wake wa kuondoka na wa kusimama, ni wa yote mawili pamoja, elektroni na kile inachokiburura.

"Sasa itoe majini," nikasema. "Mimi naweza kutoka. Yenyewe ikitoka ina uzito gani?"

Kaka akatazama mbali kama alivyotazama dari. "Haitoki," akasema. "Hakuna pwani. Hakuna mtu aliyewahi kuiona ikiwa peke yake, wala hataiona. Na ukihesabu ni uzito kiasi gani inaoupata kwa uga, jibu halina mwisho. Linapanda, linapanda, halisimami."

Nilicheka mpaka nikameza maji ya chumvi. "Umekwenda Ulaya kwa meli, umekaa miaka na miaka, umerudi na hesabu isiyo na jibu!"

Alicheka na yeye. Akaniambia walimu wake wenyewe walipofika hapo walijikuna vichwa. Wamepata njia. Wanachukua uzito uliopimwa, wanauweka mahali pa zile sehemu mbili, ya elektroni yenyewe na ya uga, zisizojulikana kila moja peke yake, halafu wanaendelea na hesabu, na baada ya hapo kila kitu kinatoka sawa na vipimo, sawa kwa namna ya kutisha. Kwa nini iwe hivyo hawakujua, wala hawakuwa na raha nayo. Hilo lilinishangaza kuliko jingine lolote. Nilikuwa nimezoea wasomi wanaojua. Sikujua kwamba wako wasomi waliofika ukingoni na kusema mbele ya wanafunzi wao kwamba hapa tunashikilia tu.

Nilikaa mkekani nimelowa, nikala samaki, na sikuweza kuondoa macho kwenye bahari. Baba alidhani naumwa.

Siku mbili tatu baada ya Bububu, kaka alikuwa jikoni kwetu kule uani, akimngoja mama aepue chai, nami nikamwambia sijaridhika. Elektroni haionekani, atomu haionekani. Nilitaka mahali patupu pafanye kitu kwa vyombo ambavyo mtu anaweza kuvishika. Akatazama huku na huku, akachukua sahani mbili za chuma kwenye kichanja, akazisimamisha zikitazamana, kiganja kwa kiganja.

"Hizi ziwe hazina rangi, chuma kitupu," akasema. "Ziweke mahali ulipotoa kila kitu. Hakuna hewa, hakuna sumaku, hakuna umeme, hakuna kamba. Zikaribiane sana, karibu kuliko unene wa unywele. Nje yake mitetemo yote ipo, mirefu na mifupi. Baina yake, ile isiyotoshea nafasi hiyo haiingii. Basi nje panasukuma kuliko ndani. Zitavutana."

"Umeona kwa macho?"

"Kuna watu Uholanzi wamepiga hesabu. Kuipima ni kazi, bado hakuna aliyeipima vizuri. Lakini hesabu ni ileile iliyoleta jibu la haidrojeni."

"Yaani sahani mbili," nikasema polepole, "zikitazamana, na baina yake hakuna kitu—"

"Ziweke chini sahani hizo," mama akasema.

Hakuwa amekasirika. Alikuwa amekaa juu ya kibao, mwiko mkononi, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Kaka aliziweka chini taratibu, moja juu ya nyingine, kama mtu aliyeambiwa amevunja kitu.

Na hapo, kwa mara ya kwanza, mama alitusimulia.

Kwetu sahani ya mtu hairudishwi tupu. Jirani akikuletea futari, ukimrudishia chombo chake unatia kitu, na kama huna kitu unatia sukari, au asumini, au hata vijiti vya karafuu. Mtoto anayejifunza kutumwa anajifunza hilo kabla ya kujua njia. Ramadhani ya kwanza baada ya kufiwa na binti yake, mama mkubwa alileta sahani ya tambi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwasha moto kwa ajili ya watu. Mama aliipokea, akaona tambi zimeungua upande mmoja, akajua dada yake amesimama jikoni huku analia. Akafikiri, nikimtilia kitu, kesho atajiona ana wajibu wa kupika tena aniletee, na hana nguvu. Akaiosha sahani, akaifuta, akairudisha tupu.

"Nlitaka apumzike," mama alisema. "Wallahi, nlitaka apumzike tu. Kesho yake naamka, naona dirisha limepigwa mbao."

"Kwa nini hukumwambia?" nikauliza.

"Ntamwambiaje? Nimwambie nlikuonea huruma? Yule dada yangu mimi namjua, bora umpige kofi." Alifuta macho kwa pembe ya kanga. "Nkasema ntangoja hasira zishuke. Nkangoja. Kila siku nkingoja, kesho yake inakuwa ngumu zaidi."

Kaka, aliyeweza kueleza habari za nyota, alizirudisha sahani kichanjani. Mimi sikuweza kujizuia.

"Na meli ni wiki ijayo," nikasema. "Mama, utasimama Arafa useme nini?"

Nilidhani nitapata kofi. Badala yake mama alisimama, akaenda kuvaa buibui. Buibui la kuvukia kichochoro! Akajifunga vizuri, akaangalia kioo, akaniambia, "Nfuate. Nikirudi nyuma nshike."

Hakurudi nyuma. Alibisha hodi kwa sauti nisiyoijua, ya mtoto, na sauti ikajibu kutoka juu, "Karibu." Tukapanda ngazi. Mama mkubwa alikuwa amekaa kitandani akishona kofia, miwani puani, mahali penye giza kidogo kwa sababu ya lile dirisha. Alituona, na sindano ikasimama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Mimi nilikuwa nimesimama baina yao. Mama akapiga magoti sakafuni. Alikuja na maneno aliyoyapanga, nadhani aliyapanga miaka mingi. Akasema anasafiri, anaomba radhi. Akasema ile sahani aliyoirudisha tupu hakuirudisha kwa dharau, ila aliona tambi zimeungua, akataka dada yake apumzike asipike, na kama alimvunjia heshima basi amsamehe kwa ajili ya Mungu.

Mama mkubwa alivua miwani.

"Sahani gani?"

"Ya tambi. Ile Ramadhani."

"Mimi nilipika tambi?" Alimtazama mama, akanitazama mimi, akarudi kwa mama. "Mwaka ule mimi sijui nilichokula wala nilichopika. Sikumbuki sahani yoyote."

"Ukapiga mbao dirisha. Kesho yake."

"Dirisha nililifunga kwa sababu ya huyu." Akanioneshea kidole. "Kila asubuhi anakaa pale anachana nywele. Rika la mwanangu. Sikuweza kumtazama. Nkasema ntalifunga siku chache. Kisha nkaona wewe huji, na huyu analetwa siku za Idi tu, hakai, nkasema hawa wanaogopa nyumba ya msiba, wanaogopa nuksi yangu isimpate binti yao. Nkasema wana haki. Mimi pia ningeogopa."

Hapakuwa na kitu. Baina ya wanawake wale wawili hapakuwahi kuwa na kosa, wala tusi, wala kinyongo, na bado kile kisichokuwepo kilikuwa kizito kiasi kwamba mama yangu, mwanamke wa kubeba gunia la mchele kichwani, alishindwa kukivuta mpaka ng'ambo ya kichochoro. Niliogopa, na nikastaajabu, na nikataka kukimbia kumwambia kaka. Nikasimama palepale.

"Nshakusamehe," mama mkubwa akasema. "Duniani na akhera. Ijapokuwa sijui kosa."

"Kosa ni kutokuja," mama akasema, na sasa alikuwa akilia waziwazi. "Kosa ni kukuacha humu gizani miaka yote, peke yako, hata mtu wa kusema naye huna."

"Nani peke yake?" Mama mkubwa alimshika kidevu, kama anavyoshikwa mtoto. "Wewe tangu mdogo ukitia maji puani kwa udhu, unapiga chafya. Kila alfajiri nakusikia. Unapiga chafya, unasema Alhamdulillahi. Na mimi huku nyuma ya mbao nakwitikia, Yarhamukillah. Hata siku moja sikuacha kukwitikia."